Bolti Juu ya Rangi

Tulipomzika Kaka Anaeli mwaka huu, kule juu ya Maji ya Chai, msimamizi wa ratiba alinipa kipaza sauti akaninong'oneza, "Dakika mbili tu, mama." Nikasema marehemu alikuwa dereva mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwafahamu, na kwamba aliniheshimu kuliko nilivyostahili, kisha nikarudi kukaa. Watu waliitikia kwa vichwa, kama wanavyoitikia karibu kila neno msibani. Baadaye, tukiwa tunakula, binti yake mkubwa alisogeza kiti karibu nami. "Shangazi, uliposema alikuheshimu kuliko ulivyostahili, ulikuwa na maana gani?" Nilimwambia ale kwanza. Sikuwa namkwepa. Jibu lake lilikuwa refu kama mwaka mzima, na mwaka haumalizwi juu ya sahani ya pilau. Nimeamua kumwandikia, na wewe unayesoma keti pamoja naye. Mambo ya umeme nitayaeleza polepole. Ukiona mahali ni pagumu, endelea tu, mbele patafunguka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na meza ya kazi Ngarenaro, katika banda la mabati ambalo nusu ilikuwa ya Shabani mchomeleaji na nusu yangu, fundi umeme wa magari. Katikati tulitundika turubai ili cheche zake zisiniunguzie nyaya. Turubai halizuii maneno, kwa hiyo kila nililozungumza na mteja Shabani alilisikia, na mara nyingi alijibu yeye kabla yangu. Meza yangu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matairi. Ukutani nilitundika spana kwa ukubwa wake, na katikati, mahali pa heshima, mita ya njano ya kupimia umeme. Niliiamini mita ile kuliko watu. Wakati ule mwanamke akishika spana, wateja walikuwa wanasubiri akosee, na mimi mteja akibisha nilimgeuzia mita aione namba mwenyewe, naye ananyamaza. Nilikipenda sana kile kimya. Siku hizi nikiwafundisha vijana huwaambia: siku utakapoanza kukipenda kimya cha mteja, weka vyombo chini, kapumzike.

Anaeli alikuwa dereva wa usharika mmoja kule mlimani. Zamani aliendesha watalii, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia zawadi ya gari la rimoti, kubwa kama mbwa mdogo, lenye magurudumu ya kupanda mawe. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke na watoto, alilitunza gari lile ndani ya kasha la mbao lililotandikwa blanketi. Jumapili mchana, ibada ikiisha, alishuka nalo mjini tukalikimbiza Kaloleni, kwenye kiwanja cha vumbi karibu na uwanja wa mpira. Watu wa pale hawakumwonea huruma. "Mzee, umemnyang'anya mwanao?" aliuliza muuza miwa. Anaeli alijibu bila kuinua macho, "Nimemwazima. Jumatatu namrudishia akitaka." "Akikataa kukuazima tena?" "Hapo nitalia." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kigari chenyewe kilikuwa na ugonjwa mmoja. Kikienda moja kwa moja kilikimbia kama kimetumwa. Ukikikunja kona huku umekandamiza mwendo, magurudumu ya mbele yaliacha kukusikiliza, kikapitiliza hadi ukutani, kisha kikapata fahamu kana kwamba hakuna lililotokea. Aliniomba nikitazame. Nilisema nitakitazama nikimaliza kazi za watu wazima.

Mwezi wa tisa usharika ulilipaka rangi gari lake, gari dogo la Kijapani lenye usukani unaosaidiwa na umeme. Ilikuwa karibu na sikukuu ya Mikaeli na Watoto, na umoja wa wanawake walikuwa wamejinyima mengi ili siku hiyo gari lionekane jipya. Walichagua bluu ya sare ya kwaya. Wapaka rangi waliipuliza kila mahali, hata chini ya boneti, na kabla ya hapo betri na nyaya zake zilikuwa zimetolewa. Kazi ya kuzirudisha niliitiwa mimi, kanisani kwao. Mwenyekiti wa akina mama, Mama Ndeshi, alisimama kando yangu muda wote, mikono kiunoni, jicho kwenye spana yangu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, binti. Unaiona rangi hii? Ukiikwaruza utaipaka upya kwa ulimi."

Sasa hapa nikueleze kitu. Betri ina waya wa kwenda na waya wa kurudi. Ule wa kurudi hufungwa kwa bolti kwenye bodi la gari, kwa sababu bodi zima la chuma ndiyo njia ambayo umeme wa taa, waipa, feni na usukani hurudia nyumbani. Rangi haipitishi umeme. Fundi yeyote anajua kwamba mahali pa bolti ile anatakiwa kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, eneo kama la sarafu moja, ndipo afunge. Nilijua. Nilikuwa na msasa mfukoni. Nikamtazama Mama Ndeshi, nikaitazama bluu ile iliyong'aa kama maji, nikakaza bolti juu ya rangi. Ndani ya tundu meno ya bolti yaligusa chuma kidogo. Injini ilikuwa na waya wake wa pili wa kurudi, kwa hiyo iliwaka kwa mguso mmoja. Nilipoizima, mita ikasoma volti kumi na mbili na nusu na ushee. Mama Ndeshi akapiga vigelegele, nami nikanywa chai yao ya maziwa na maandazi mawili, nikarudi mjini nimeridhika.

Mvua za vuli zilipoanza, Anaeli alikuja bandani mara tatu. Mara ya kwanza alisema usukani unakuwa mzito ghafla kwenye kona za polepole, hasa akiwa amewasha waipa. Nilifungua boneti, nikapima betri gari likiwa limezimwa, nikamgeuzia mita. "Unaona? Nzima." Alinyamaza. Mara ya pili alisema kwamba ukungu ukiwa mzito, akawasha na taa na feni ya kioo, usukani unaganda kabisa kwa sekunde moja au mbili. Nikapima vilevile, namba ikawa ileile. Nyuma ya turubai Shabani akasema, "Kaka, hiyo ni baridi ya mlimani imekuingia kwenye viwiko." Tukacheka wote wawili, Anaeli hakucheka. Mara ya tatu alikuja na kigari chake kwenye kasha. Akakiweka mezani, akasema kwa upole wake, "Fundi, mimi si msomi wa haya. Lakini naona kama hiki na gari la kanisa vinaumwa ugonjwa mmoja." Nilikuwa na gari la mteja mwingine limefunguliwa, mikono imejaa grisi. Nikamwambia, "Kaka Anaeli, mwambie shemeji akukorogee loshoro ya kutosha, upate nguvu za mikono." Shabani aliangua kicheko hadi akazima mtungi wake. Anaeli alifunga kasha, akaliacha pale mezani, akaaga kwa heshima zote. Aliniita dada fundi, mimi niliyekuwa nimemtukana mbele ya watu.

Ajali ilitokea Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa anamteremsha Mama Ndeshi kutoka kanisani, mvua inanyesha, ukungu umekaa kwenye migomba. Waipa, taa, feni, vyote vimewashwa. Kwenye kona ya tatu usukani uliganda. Gari lilikwenda moja kwa moja, likaruka mtaro, likasimama ndani ya mahindi ya mtu na pua imebonyea. Mama Ndeshi alivunjika mkono. Hatua chache zaidi kushoto pana korongo, na kila anayeijua kona ile anajua walichoponea.

Nilipata habari Jumatatu kupitia turubai. Mteja wa Shabani alikuwa anahadithia. "Dereva wa kanisa kampindua mama wa watu." "Alikuwa amekunywa?" "Wanasema alionekana kwenye mbege pale sokoni." "Nani alimwona?" "Wanasema." Niliendelea kumenya waya, nikaumenya hadi ukabaki nyuzi tupu. Anaeli hakunywa hata togwa. Lakini neno likishasemwa kwenye usharika wa mlimani, hupanda na kushuka kila kichochoro cha migomba, na jioni linarudi limeshiba. Wazee wa kanisa walichukua ufunguo wa gari. Walimwambia akae nyumbani wiki mbili, kisha baraza lingeamua kama anafaa kushika tena usukani wa kubeba watu. Usharika ukishakwambia hufai, hakuna mwingine atakayekukabidhi hata bajaji.

Nilikwenda kumwona. Mke wake alitutengea loshoro, mahindi na maziwa ya mgando kwenye bakuli la bati, nami nikala nikiukumbuka utani wangu. Hakuna aliyeutaja. Chumba kile kilikuwa na kabati la vyombo, kalenda ya kanisa, na makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Watoto waliambiwa wakacheze nje, wakakaa kizingitini badala ya kucheza. Nikamuuliza Anaeli wazee wa kanisa walimuuliza nini. "Waliniuliza nini kilitokea. Nikasema usukani uliganda." "Wakasemaje?" "Mmoja akasema usukani hauna akili, haugandi wenyewe. Wakauliza kama nilikuwa nimepeleka gari kwa fundi." Niliacha kutafuna. "Ukawajibu nini?" Alikwangua bakuli lake polepole. "Nikawajibu mimi ndiye niliyeshika usukani." Mke wake aliinuka akaenda jikoni, na huko nikamsikia akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara moja, kwa nguvu.

Niliporudi bandani, kasha la mbao lilikuwa palepale. Nikakitoa kigari, nikapima betri yake: imejaa. Mita ilisema hivyo, na kwa mara ya kwanza namba ilinitia hofu. Nikakiweka juu ya kopo magurudumu yakiwa hewani, nikaacha ncha za mita kwenye nyaya za usukani wake, nikakandamiza mwendo huku nimeyabana magurudumu ya nyuma kwa kitambaa, kama yanavyobanwa na mlima. Volti saba zikawa tano, zikawa tatu. Nikazungusha rimoti. Magurudumu ya mbele hayakusikia. Nikaachia kitambaa, namba ikapanda tena kwenye saba, safi kabisa, kama mtu asiyejua chochote. Tatizo lilikuwa plagi ya betri, imeungua ndani na kuwa nyeusi, umeme unapita kwa shida.

Ukitaka kulielewa jambo hili, kumbuka mfereji wa maji wa kule mlimani. Majani yameziba mahali fulani juu, lakini malango yote ya mashambani yamefungwa. Mfereji unaonekana umejaa, na mtu akipita atasema maji yapo. Siku watu wanne wakifungua malango kwa pamoja, wa mwisho anapata tope. Kumbe mfereji unapimwa malango yakiwa wazi. Nami mara zote tatu nilipima malango yamefungwa.

Kesho yake nilipanda kanisani. Gari lilikuwa limevutwa hadi nyuma ya ukumbi, pua imebonyea lakini injini nzima, limefunikwa turubai, na mlinzi aliyenifahamu aliniruhusu, akaniazima ufunguo uliotunzwa ofisini. Betri ilikuwa bado na nguvu. Nikawasha gari, nikawasha taa, waipa na feni, nikazungusha usukani, huku ncha moja ya mita iko kwenye betri, upande wa waya wa kurudi, na nyingine kwenye chuma cha bodi. Mahali ambapo pangepaswa kuwa na sifuri, palikuwa na volti nne zinazopotea njiani. Nikafuata waya hadi mwisho wake. Bolti yangu, na chini yake bluu ya kwaya, nzima, bila mkwaruzo. Nilikuwa peke yangu. Msasa ulikuwa mfukoni. Dakika tatu zingetosha kukwangua, kukaza, na kuondoka; gari lingekuwa zima na hakuna ambaye angejua milele. Nisikudanganye, nilikwisha kuifungua bolti ile nusu mzunguko. Nikaikaza tena kama ilivyokuwa, nikafunga boneti, nikamrudishia mlinzi ufunguo, nikashuka hadi barabarani.

Wiki mbili zilipotimia, baraza lilikaa Jumamosi ukumbini. Wazee tisa nyuma ya meza ndefu, Mama Ndeshi pembeni, mkono umening'inizwa kwa khanga, na Anaeli kwenye kiti cha peke yake, kofia magotini. Mwenyekiti, Mzee Elifuraha, alikubali nizungumze baada ya kukitazama sana kigari kilichokuwa kwapani mwangu. "Binti, hiki nacho ni shahidi?" Watu wakacheka. Nikakiweka sakafuni, nikabonyeza rimoti. Kikakimbia, kikakata kona vizuri, kikakata nyingine, kikazunguka miguu ya meza kama mwanambuzi. Sakafu ya saruji ni laini, hakikuwa na mzigo wowote, na mimi kwa hofu nilisahau jambo nililokuja kulifundisha. "Kizima kabisa," alisema mzee mmoja. "Tuendelee na ajenda." Nikapiga magoti. "Mzee Elifuraha, tafadhali nisaidie. Kishike hapa nyuma, kizuie kama kinapanda mlima." Alisita, kisha akashuka mzee yule wa miaka sabini, akakibana kwa kiganja. Nikakandamiza mwendo, nikazungusha usukani kushoto, kulia, kushoto. Magurudumu ya mbele yalibaki yametazama mbele. "Geuza basi," alisema. "Nageuza, Mzee." "Hayageuki." "Ndivyo lilivyofanya gari kwenye kona ya tatu."

Nikawaeleza mfereji, na hapo sikuhitaji maneno mengi, kila mmoja wao alikuwa amegombea maji maishani mwake. Nyuso zikalainika. "Kumbe ni umeme," walisema. "Kumbe ni gari tu." Katibu aliandika, akasoma kwa sauti: hitilafu ya gari, dereva hana kosa. Anaeli alifumba macho. Mzee Elifuraha akasimama, akasema tumshukuru Mungu, tuombe. Viti vikasogezwa, vichwa vikainama. Hakuna aliyeuliza hitilafu hiyo ilitoka wapi. Alichokuja kutafuta Anaeli alikuwa amekipata, na nilichoogopa mimi kilikuwa kimepita kando yangu kama basi lisilosimama. Nilikisikia kichwa changu kikiniambia yameisha, nyamaza, ni sala.

"Mzee, samahani. Kabla ya amina."

Hakuna anayekatiza sala kwetu. Vichwa viliinuka kimoja kimoja. Nikasema bolti ya waya ule niliifunga mimi, juu ya rangi, na nilijua haifai. Nikasema dereva alinijia mara tatu. Nikayarudia maneno yake kama alivyoyasema, mzito kwenye kona za polepole, unaganda akiwasha taa na feni, vinaumwa ugonjwa mmoja. Nikasema na jibu langu la loshoro. Hilo ndilo lililokuwa gumu kutoka kuliko la bolti. Mzee aliyesema usukani hauna akili alimgeukia Anaeli. "Kwa nini hukututajia fundi?" Anaeli aliigeuza kofia yake magotini. "Kama ningesema ni fundi, mngesema natafuta wa kumsukumia. Na yeye asingepata kazi tena mlima huu." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Nilidhani atakuja kusema mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa."

Kisha Mama Ndeshi akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi ndiye niliyemwambia asikwaruze." Akasimama. "Binti, una msasa?"

Tukatoka wote hadi nyuma ya ukumbi, wazee na mwenyekiti wao, turubai likavutwa, boneti ikafunguliwa. Nilikwangua bluu ile mbele ya macho ya mwenye bluu mpaka chuma king'ae, nikasafisha ncha ya waya, nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote. Mzee Elifuraha alimkabidhi Anaeli ufunguo. Anaeli akawasha gari, akawasha taa, waipa zikavuta kioo kikavu zikilia, feni ikavuma, naye akazungusha usukani kwa vidole viwili hadi mwisho wa kushoto, hadi mwisho wa kulia. "Mwepesi," alisema. Lakini kuzungusha usukani uani si kushuka mlima, na wote tulilijua hilo. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Mzee Elifuraha akauliza nani ateremke naye hadi barabara kubwa. Wazee wakatazama mawingu, mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Nikapiga hatua, Mama Ndeshi akanizuia kwa kifua. "Wewe baki. Wewe hukuwemo."

Akafungua mlango wa mbele kwa mkono wake mzima, akaketi. Anaeli alishuka, akazunguka hadi upande wake, akamfunga mkanda taratibu akiukwepa mkono uliovunjika, akauvuta kidogo kuhakikisha umeshika. Akarudi kwenye kiti chake. Hakunipungia wala kunitazama, na mimi sikuwa na haki ya kungoja hilo. Gari likateremka, likapotea kwenye migomba. Tulisimama kwenye mvua tukisikiliza. Kona ya kwanza. Ya pili. Injini ikapungua sauti kwenye ya tatu, ikapungua zaidi, hadi tukasikia waipa peke yake, au labda nilidhani nazisikia. Mzee Elifuraha alikuwa amenishika mkono bila kujua. Kisha kutoka chini, upande wa pili wa kona, ikasikika honi, fupi, mara moja.